Bia Iliyofurika Mbele ya Mashahidi Wawili

Kwa mdogo wangu Kasuku,

Pokea salamu za kaka yako uliyemwacha amesimama na mpira mkononi. Hujambo? Shemeji hajambo? Na lile goti lake linalotabiri mvua, bado linasema kweli kuliko redio? Wajukuu je, wanasoma au wanakua tu? Na hayo meno yako mapya, yamekubali kuishi na wewe, au bado yanakwenda kushoto wewe ukienda kulia? Mimi huku ni mzima. Nakula, nalala, naamka kabla ya jogoo wa jirani, mpaka siku hizi ananionea haya.

Ukiuliza habari za kazi yangu, jibu ni lile lile. Tangu nianze kupika bia chumbani kwangu sijapata kumwaga hata tone. Ulizia mtaa mzima, watakwambia mkono wangu ni mkono wa daktari wa kupasua watu.

Haya, huo uongo. Nimeuandika nione utakaaje kwenye karatasi, nao umekaa vibaya. Nimemwaga bia ya kutosha kuogesha ng'ombe na ndama wake, na wewe ulikuwepo, umekaa kwenye kigoda changu, umekunja mikono, unaitazama ikienda kama mtu anayesindikiza wageni. Ndiyo maana nakuandikia. Nimekasirika, Kasuku. Nimekasirika tangu Jumapili ile mpaka leo, na hasira yangu kila nikidhani imetulia naifunua nakuta bado inachacha. Niliapa sitasema na wewe tena, lakini kuandika si kusema, kwa hiyo kiapo changu kiko salama. Mwandiko wangu unaujua, shule mimi niliachana nayo siku hesabu zilipoanza kutumia herufi. Ukishindwa kusoma mpe shemeji akusomee, ila pale penye matusi mwambie apite haraka.

Nianzie mwanzo, maana najua kwa watu umeanzia mwisho.

Ulikuja bila taarifa, kama kawaida yako, na mfuko wako mmoja na stori mia. Nilifurahi kukuona, sitakataa. Nilikuandalia chai, ukasema haina sukari. Nikaongeza, ukasema sasa ni uji. Tukala, ukaniuliza lile pipa la bluu pale pembeni linanung'unika nini. Nikakueleza kwamba yule anaitwa Kitambi, na ndani yake kuna bia ya kimea ambayo imekwisha kuchemka kwa hasira na sasa inapumua taratibu, na ile sauti ya blu, blu, ni pumzi yake inayopitia kwenye kijibomba cha mfunikoni na kutokea ndani ya chupa ya maji. Nikakwambia siku hiyo ndiyo siku ya kumhamisha, atoke kwa Kitambi aingie kwa Shingo, yule chupa mkubwa wa kioo niliyemvika sweta kuukuu ili mwanga usimdhuru. Ukacheka, ukasema nimezeeka vibaya, navisha chupa sweta na mwenyewe navaa shati lililotoboka.

Nilikueleza sababu, maana uliuliza. Bia ikikaa muda mrefu juu ya machicha yake inaanza kuonja kama maji ya kuoshea vyombo. Lazima ihamishwe. Na kuhamisha si kumimina. Ukimimina kutoka juu kama mtu anayepoza chai ya mtoto, hewa inaingia, na bia iliyoingiwa na hewa wakati huo inachakaa, inaonja kama karatasi iliyolowa. Inatakiwa ipite kwenye mpira, ule mrefu mwembamba kama wa kumwagilia bustani, polepole, itoke chini kabisa ya chupa, isiruke wala isitoe povu, kama mtu anayeingia chumbani mtoto amelala. Ulitikisa kichwa kama umeelewa. Kutikisa kichwa hujawahi kushindwa.

Kitambi akapanda juu ya meza, tukimbeba wawili, wewe ukilalamika mgongo ingawa uzito wote ulikuwa upande wangu. Shingo akakaa chini sakafuni. Kila kitu nilikuwa nimekiosha kwa maji yaliyochemka yakapoa, maana kioo hakipendi ya moto, kisha kwa dawa, kisha tena kwa maji. Mpira nao hivyo hivyo. Nikakutuma uushike tu, uniwekee. Nageuka, nakuta umeuweka mdomoni, tayari kuvuta, mashavu yamebonyea kama mtu anayebusu samaki.

Hapo ndipo nilipopandwa na hasira. Najua baba alikuwa akivuta hivyo mafuta ya taa kutoka kwenye pipa la dukani, na ulitaka kunionyesha kwamba unakumbuka. Lakini mafuta ya taa hayachachi, Kasuku. Mdomo wa binadamu ni jalala lenye ulimi, na hata wa mfalme ukigusa mpira ule, bia nzima inageuka siki. Ingetosha useme pole, nikauosha upya, tukaendelea. Wewe ukasema mdomo wako ni msafi kuliko chumba changu. Nami nikasema neno ambalo, nikiri, lilikuwa kali kidogo. Nilisema msafi vipi, na hayo meno hata hujui yalikuwa ya marehemu gani.

Niliona uso wako. Nilijua nimegusa pabaya, maana ulikuwa umekuja nayo ukiyatembeza kama gari jipya. Lakini mtu akishaanza kuteleza kwenye matope hasimami katikati. Nikaongeza kwamba ufunge huo mdomo, usiufungue mpaka kazi iishe.

Ukaufunga.

Sasa mtu wa nje akisoma hapa atasema kumbe mzee huyu ndiye mchokozi. Mtu wa nje hatujui sisi. Hajui kwamba katika nyumba ya mama yetu kununiana kulikuwa mchezo wenye sheria, na wewe bingwa. Hajui kwamba uliwahi kununa wiki nzima kwa sababu ya kipande cha muwa, mama akadhani umepatwa na ugonjwa wa koo akakupeleka zahanati, na hata mganga alipokwambia useme aaa, ulimtazama tu. Wanakuita Kasuku kwa sababu unaongea mpaka usingizini, lakini mimi ndiye ninayejua kwamba ukiamua kunyamaza, kaburi linakuja kuchukua mafunzo kwako.

Basi nikauosha mpira upya, kimya. Nikaujaza maji safi, nikaziba ncha kwa kidole, nikazamisha upande mmoja kwa Kitambi, upande wa pili nikauachia maji yake yatoke kwenye bakuli, na bia ikafuata nyuma ya maji kama mbuzi anayefuata chumvi. Ndivyo inavyovutwa bila mdomo wa mtu. Nikauingiza kwa Shingo mpaka chini. Mimi nikasimama kwa Kitambi, macho ndani ya pipa, nimeshikilia mpira uelee juu ya machicha, maana ukishuka kidogo tu unayafyonza na kazi yote ni bure. Nikiwa pale, Shingo simwoni, yuko upande wa pili wa meza. Ndiyo maana nilihitaji mtu. Kazi yako ilikuwa ya macho na neno moja. Bia ikifika shingoni, unasema, nami naukunja mpira, basi. Nilikuonyesha kwa kidole, kwa sababu tulikuwa hatusemezani. Nawe ulijibu kwa kope.

Na bia ikajaa. Kitambi ni mnene kuliko Shingo, unajua hivyo, ulimbeba. Ikajaa, ikapita shingoni, ikatoka mdomoni, ikateremka kwenye sweta, ikaenea sakafuni. Nawe umekaa. Ikafika kwenye viatu vyako, ukainua miguu. Hilo nililiona kwa chini ya meza, nikadhani unajinyoosha. Uliinua miguu, Kasuku, ukaiweka juu ya ubao wa kati wa kigoda kama bwana mkubwa kwenye mashua, ukaiacha bia yangu ipite chini yako.

Sakafu ile ni ya mbao na mbao zenyewe zimeachana kama meno yako ya zamani. Chini yake ni meza ya fundi cherehani, na juu ya meza kanzu nyeupe za kwaya nzima, zimekunjwa, zinangoja kuchukuliwa. Mtu wa kwanza kusema siku ile hakuwa wewe wala mimi. Alikuwa yeye, kutoka chini, akiuliza kwa sauti ya upole kabisa kama kuna mtu anazaa huko juu.

Yaliyofuata hukuyaona vizuri, kwa sababu ulikuwa unafunga mfuko wako. Mama mwenye nyumba alipanda ngazi na bakora ya marehemu mumewe. Fundi alikuja na kanzu moja mkononi, ameinyanyua kama mtoto aliyejikojolea. Akasema kiongozi wa kwaya akiinusa atadhani waimbaji wake wanatoka baa. Wote wawili wakauliza nani alikuwa anaangalia chupa. Niligeuka nikutazame. Ulikuwa umekwisha kufika ngazi ya chini, mgongo huo, mfuko begani, huna kwaheri wala samahani. Nami nikawaambia mpira uliniponyoka. Nilisema mimi. Nilibeba msalaba wako wakati wewe unapanda basi.

Na hayo yangekwisha, nataka ujue hivyo. Mama mwenye nyumba alifoka mpaka akachoka, kisha akasema niweke karatasi ya nailoni na beseni pana chini ya Shingo kila ninapohamisha, na nikirudia, vyombo vinatoka. Huyo mama analalamika hadharani, lakini jagi lake linapandishwa kwa mlango wa nyuma, hawezi kuniua kabisa. Fundi alizifua kanzu nikamsaidia kuzikamua, na nimesikia kwenye ibada ya katikati ya wiki sauti za pili ziliimba vizuri kuliko siku zote. Mambo yalikuwa yamepoa.

Kumbe ule mdomo uliouziba kwangu ulikwenda kuuzibulia kwa binti yangu.

Alinipigia simu kesho yake. Unajua sauti yake, yeye ni mwalimu mkuu hata akiwa jikoni. Alisema baba mdogo amemwambia kila kitu. Amemwambia nilikuwa nimelewa chakari, siwezi kusimama, nimeangusha pipa, na wewe maskini ulijaribu kuniokoa ukashindwa. Nilimwambia si kweli. Akasema nipumue kwenye simu. Nikapumua. Akasema simu haina pua, na kwamba anakuja Jumamosi na mume wake na gari la kubebea mizigo, anihamishie kwake, kile chumba cha uani chenye vigae, pale pasi ya nguo na magodoro ya wageni vinapokaa. Kitambi na Shingo watabaki. Alisema hivyo kwa upole, na upole wake ndio ulionitisha.

Sasa nikuambie kitu ambacho hukijui, kwa sababu hukuuliza, ulikuwa unaongea. Mimi sinywi. Tangu daktari aliponibonyeza ubavu akakunja uso, binti yangu aliniwekea sharti mbele yake. Nikigusa pombe, nahamia kwake. Nikiacha, nabaki kwangu. Nikaacha. Naonja nijue imefikia wapi, natemea dirishani, na maua ya mama mwenye nyumba upande ule yananawiri kwa furaha isiyo ya kawaida. Bia wanakunywa wao, fundi, kinyozi, mama mwenye jagi. Najua ni vigumu kuamini. Mpika bia asiyekunywa ni kama mchinjaji anayesema hali nyama. Lakini hukuwa na haja ya kuamini. Ulikuwa na haja ya kunyamaza tu, jambo ambalo siku moja kabla ulikuwa umeliweza vizuri mno.

Unajiuliza basi napika ya nini. Tangu shemeji yako alipotutoka, chumba kile kilikuwa kinanitazama. Ukikohoa, hakuna anayesema pole. Nilipomleta Kitambi nikapata kitu kinachopumua pembeni. Unaamka unasikia blu, unajua hukulala peke yako. Chumba cha uani chenye vigae hakitapumua. Kule unavua viatu mlangoni na unaulizwa umekula nini. Binti yangu ananipenda, simlaumu, ila mimi sijawa tayari kuwekwa pamoja na pasi.

Nilijitetea. Nilimwomba awaulize fundi na mama mwenye nyumba. Akasema hao ni wanywaji wangu, ushahidi wao una povu. Kisha akaniuliza swali moja la kimwalimu. Alisema, sawa baba, tuseme hukulewa. Mtu mzima, ana akili zake, amesimama hatua moja tu kutoka kwenye chupa inayofurika, bia inamwagika mpaka nyumba ya chini, anashindwaje kujua?

Nikamwuliza mume wake hajambo. Akalichukua hilo kuwa jibu, akakata simu.

Nimelifikiria swali lile, na nimeshindwa kukukasirikia vizuri mpaka niwe nimelijibu, kwa hiyo nalijibu hapa. Nilijua.

Nilisikia, Kasuku. Huwezi kuhamisha bia muda wote huu usijue sauti yake. Chupa inapojaa inaimba, inaanza na sauti nzito ya tumboni, inapanda, ikifika shingoni inakuwa nyembamba kama filimbi ya mtoto. Nilisikia filimbi. Halafu nikasikia filimbi imekatika, halafu nikasikia matone kwenye mbao. Nilikuwa na mpira mkononi. Kuukunja ni kazi ya vidole viwili. Sikuukunja. Nilisimama pale naangalia machicha, nikisema moyoni, hapana, leo ataanza yeye, leo huyu bwana atafungua mdomo kabla yangu, hata kama bia yote itakwenda. Nilitaka useme tu "imejaa", nikushinde. Wewe nawe, naapa, ulikuwa unangoja mimi niulize "bado?" Tukabaki wazee wawili wenye mvi, mmoja ameinua miguu na mwingine ameinua mpira, tunasikiliza bia yangu inanyesha juu ya kwaya.

Na nitakuambia la mwisho hapo, kisha ucheke ukitaka. Kulikuwa na raha ndani yake. Muda mrefu sijapata mtu wa kumnunia. Aliye peke yake anaweza kuimba, anaweza kulia, anaweza hata kugombana na redio, lakini kununa kunahitaji wawili.

Hilo halikufutii kosa. Usije ukasoma pale juu ukadhani nimekusamehe. Kunyamaza ulinyamaza kama nilivyonyamaza mimi, hapo tuko sare, na bia ni yangu, hasara nimeila. Lakini kwenda kwa mtoto wangu ukaniita mlevi ili usionekane mjinga, hilo ni lako peke yako, na kila nikiliwaza mkono unatafuta kitu cha kutupa. Ungesema mimi mkorofi, ningekubali. Ungesema bahili, sawa. Ulichagua neno moja ambalo linaweza kunitoa nyumbani kwangu.

Nisalimie shemeji, umwambie goti alikande kwa maji ya vuguvugu na asikusikilize wewe. Nisalimie wajukuu wote, na yule mdogo anayefanana na mama yetu, umpe mkono wangu. Fundi cherehani anakusalimu, anasema ukija tena utangulize barua ili aondoe vitambaa mezani. Mama mwenye nyumba hakusalimu, lakini aliuliza yule mzee wa meno amefika salama.

Mbele yao nilisema mpira uliniponyoka, nikalibeba lako lote, kwa hiyo una deni kwangu, na ninalidai leo, dogo tu. Gari la kubebea mizigo linakuja Jumamosi hii. Kabla ya hapo mpigie simu binti yangu. Usimweleze habari za mpira, wala hewa, wala machicha, utaharibu. Usiombe radhi kwa maneno mengi, atadhani nawe umelewa. Mwambie neno moja tu: tulinuniana. Amelelewa na mimi, anamjua baba yake na baba yake mdogo, hataulizia la pili.

Ni mimi kaka yako, bado nimenuna,

Gogo